Jinsi Bahari Ilivyoletwa kwa Dada Salud Siku ya Ijumaa Kuu

Enyi mliokaa kwenye viti, nanyi mliokaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, sogeeni! Zimeni redio, mpeni mtoto titi asilie, na yule anayekuna nazi na apumzishe mkono, kwa maana nataka kuwasimulia tendo ambalo wafalme hawakulitenda, majemadari hawakulithubutu, na wahandisi wa serikali, kwa jinsi ninavyowafahamu, wangelitengea miaka sita na kamati mbili. Mtendaji wake ni mimi. Ndiyo, mimi huyu, Eustaquio mwana wa Florencio, niitwaye Takyo na wanaonipenda na majina mengine na mke wangu. Mwenye miaka sitini na sita, kitambi kimoja na goti bovu moja. Niliyekuwa Mlinzi wa Lango la Tatu la mfereji wa mashamba ya mpunga huko Cabanatuan kwa miaka thelathini na moja, ambaye mkono wake ulifungua na maji yakaenda, ukafunga na maji yakasimama, isipokuwa zile siku lango lilipokwama. Msicheke bado. Pa kucheka pako mbele.

Na aliyetendewa tendo hilo ni nani? Ni dada yangu, Dada Salud, kifungua mimba wa mama yetu, bibi wa miaka sabini na minne, mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka upande wa pili wa soko. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minane, na ni yeye aliyenilea. Kwa miaka arobaini aliuza samaki wakavu wa chumvi. Alinuka bahari kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili alinuka bahari na sabuni, lakini bahari yenyewe alikuwa hajapata kuiona. Sisi ni watu wa mpunga. Bahari kwetu iko nyuma ya milima. Kila mwaka alisema, "Mwakani nitakwenda," na kila mwakani alikuwepo mtoto wa kusomeshwa. Mmoja wa watoto hao nilikuwa mimi.

Sasa binti yake aliyeko Kanada alikuwa amemtumia tiketi ya ndege. Angeondoka Jumatatu ya Pasaka, aende akae moja kwa moja, tena kwenye mji ulio katikati ya nchi kavu, ambako ukitaka bahari unaendesha gari siku mbili. Aliniambia habari hiyo jikoni kwake huku akikunja nguo, kisha akaongeza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Takyo, nataka nitie miguu baharini. Mara moja tu. Nisije nikafia huko bila kujua ikoje."

Ndipo nikasimama. Nikaweka mkono mmoja kifuani na mwingine nikauinua juu, nikanena, "Ewe dada, mshika mizani, mama uliyenivika viatu vyangu vya kwanza! Naapa kwa kaburi la wazazi wetu, kabla ya ndege hiyo kuinua pua, miguu yako italowa maji ya bahari kuu, na asiyetaka aje apambane na mimi!"

"Shusha mkono," akasema Dada Salud, "utapiga taa."

"Haya, ameanza," akasema mke wangu Conching.

Siku iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, nayo ni Ijumaa Kuu. Hapa pana jambo ambalo kwetu hata kuku analijua. Siku hiyo ikifika saa tisa alasiri, saa aliyokata roho Bwana wetu, hakuna kuoga. Hakuna kuingia mtoni, wala baharini, wala kwenye beseni. Hakuna kazi, hakuna kugonga misumari, hakuna kufagia, na ukijikata kidonda hakiponi. Vijana wa mjini siku hizi wanaruka tu majini wakicheka, lakini Dada Salud ameishika saa hiyo kwa zaidi ya miaka sabini bila kukosa, na asingeivunja hata kama angeahidiwa ufalme. Kwa hiyo tulikuwa na muda mpaka saa tisa. Saa kumi ingetubidi tuondoke, maana jioni yake alikuwa na nadhiri ya kushika mshumaa kwenye maandamano ya kanisani kwetu. Hesabu ilikuwa nyepesi, na nikaipiga mara tatu kwa vidole nikaona tuna muda wa kumwaga.

Basi likatoka jeshi kwenda Baler, mji wa pwani ng'ambo ya milima. Tulikuwa watu kumi na wanne, sufuria nne, jiko moja, magodoro mawili na sanduku la barafu, ndani ya jipni la kukodi, lile basi letu dogo la madirisha wazi. Amiri wa jeshi alikuwa binamu yetu Herminio, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alistaafu shule lakini filimbi hakuirudisha. Shingoni alivaa filimbi hiyo; mkononi alishika karatasi aliyoitoa kwenye mtandao, yenye kichwa cha habari kikubwa: Mambo ya Kufanya Ukiwa na Siku Moja Baler. Mambo yenyewe yalikuwa saba. La saba lilisema: Kuingia baharini, muda ukiruhusu.

"Kwa nini bahari iko mwisho?" nikamuuliza.

"Kwa sababu bahari haiondoki, Takyo. Foleni ya picha ndiyo inayoongezeka. Tumia akili."

Tukafika saa tatu asubuhi. Jipni lilikata kona, na bahari hii hapa, pana, bluu iliyochanganyika na kijivu, ikivunja mawimbi mfululizo. Watu wote wakapiga kelele. Dada Salud alishika chuma cha dirisha kwa mikono miwili akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kubwa." Akaanza kuvua kandambili zake humo humo ndani ya gari.

Priii! Filimbi ikalia. "Vaa viatu, Dada! Jambo la kwanza, picha kwenye herufi!"

Ndugu zangu, nimesoma habari za kuzingirwa kwa ngome, lakini hakuna ngome iliyozingirwa kama zile herufi kubwa za jina la mji zilizosimamishwa ufukweni. Kila familia ya kisiwa chetu cha Luzon ilikuwa pale. Zamu yetu ilipofika tukapanga mistari miwili, wafupi mbele, na Herminio akaamuru kila simu ipige picha, ili watu wasije wakaombana picha baadaye. Na kila mpigaji ilibidi abadilishwe ili naye aonekane. Simu zilikuwa kumi na moja. Shemeji mmoja alifumba macho kwenye zote, ikabidi tuanze upya.

Jambo la pili lilikuwa kupanda kilima kutazama bahari kwa mbali, ilhali tulikuwa tumetoka kuitazama kwa karibu. La tatu lilikuwa kanisa. La nne lilikuwa zawadi, na hapa nakiri kwamba adui alitoka ndani ya ngome. Kwetu huendi ufukweni ukarudi mikono mitupu. Majirani wamekuona ukiondoka, na wanajua mfuko utakuwa na nini. Mtaa wetu una nyumba ishirini na tatu. Zawadi ni wali mtamu uliofungwa kwenye majani. Na aliyekuwa ananunua alikuwa Dada Salud, mwanamke aliyekaa nyuma ya meza ya soko miaka arobaini, ambaye sasa kwa mara ya kwanza alikuwa mbele yake.

"Mama, huu umefungwa lini?" akamuuliza muuzaji.

"Asubuhi hii, Mama."

"Asubuhi ya lini? Jani hili limelala. Usinichezee, mimi mwenyewe muuzaji."

Yule mwanamke akashika kiuno. "Kama Mama ni muuzaji, basi Mama anajua ukifinyafinya bila kununua, mimi nalia."

"Nitanunua ishirini na tatu."

"Basi finya."

Wakakaa hapo nusu saa, wakapunguziana, wakalaaniana, wakagundua wote wana mguu unaouma mvua ikikaribia, wakapeana namba za simu. Mimi nilisimama pembeni kama mlingoti nikibeba mifuko, nikitazama jua. "Dada," nikamwambia, "bahari!" Akanijibu, "Naisikia. Shika huu."

Saa sita tukafika kibandani ufukweni, tukala. Hilo lilikuwa jambo la tano: samaki, wali, dengu, na yale majani machanga ya porini yaliyojikunja ncha, kwa nyanya na mayai ya chumvi. Alipomaliza, Dada Salud akainuka. Conching akamvuta gauni.

"Unakwenda wapi na tumbo limejaa? Utashikwa na msokoto wa tumbo. Saa nzima ukae."

Akakaa saa nzima. Herminio akaitumia saa hiyo kwa jambo la sita, yaani kupumzika na kufurahia mandhari, nalo akalisimamia kwa filimbi. Saa saba ikaisha, Dada akainuka tena. Safari hii shangazi za watoto, majirani wa kibanda cha pili, na hata muuza barafu, wote wakapiga kelele pamoja.

"Miguu imepanda kilima, bado ina moto! Ukiitia majini ikiwa na moto, mishipa itakupanda, mikono itatetemeka hadi uzeeni!"

"Uzeeni nishafika," akasema Dada Salud. Lakini akaitazama miguu yake, akaigusa, akaona kweli ina joto. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha sote katazo hilo. Akajilaza kwenye godoro ipoe. "Takyo, niamshe saa nane na nusu. Usisahau."

Nikasimama mbele ya godoro, nikanena, "Lala, ewe malkia wa mizani! Usingizi wako unalindwa na jicho ambalo kwa miaka thelathini na moja halikusinzia kwenye Lango la Tatu, kiangazi wala masika!"

"Ulisinzia mwaka ule wa mafuriko," akasema Conching.

"Mara moja!"

Nikaketi kulinda. Upepo ulikuwa mtamu. Dengu zilikuwa zimekaa vizuri. Nikasema nifumbe macho kidogo ili nisikilize vizuri zaidi mawimbi, na hapo, enyi wasikilizaji, historia inakosa kumbukumbu kwa muda.

Nilizinduka mate yakinitoka. Nikatazama saa. Saa tisa kasoro dakika saba! Nikaruka, goti likakataa, nikaruka na lile lingine. "Dada! Dada! Amka, tumekwisha!" Akaamka bila kuuliza, akanitazama mara moja tu, akaelewa yote. Tukatoka mbio. Mimi nilimshika mkono wa kushoto, yeye akaokota kiti cha plastiki kwa mkono wa kulia, sijui kwa nini, nadhani ni mazoea ya soko. Mchanga ulikuwa mkavu na mwingi, ukatumeza miguu hadi vifundoni. Kibandani waliamka wakawa wanashangilia, Herminio anapuliza filimbi, mimi napiga kelele, "Pisheni, pisheni!" ingawa mbele yetu hapakuwa na mtu. Katikati ya njia nikaanguka kifudifudi. Dada Salud akaniinua kwa ukosi wa shati, tukaendelea. Bado hatua ishirini. Bado kumi na tano.

Kwenye kanisa dogo la ufukweni wakagonga mbao. Siku hiyo kengele hazipigwi. Wanagonga mbao mbili kavu, ta-ta-ta-ta, na kila mtu anajua. Dada Salud akasimama pale pale. Mbele yake zilikuwa zimebaki hatua tisa za mchanga. Baada ya hapo ilikuwa bahari.

"Dada, hatua tisa tu! Mungu anaona, hizo mbao zimewahi, saa yangu inasema bado nusu dakika!"

"Saa yako ndiyo ile ile iliyokuamsha?" akasema.

Akafanya ishara ya msalaba, akaweka kiti chake mchangani, akaketi kuelekea bahari, akatoa rozari. Wenye imani walikuwa wanatoka majini kimya kimya wakijifuta. Vijana wachache wa mjini waliendelea kurukaruka, na Dada aliwatazama bila hasira. Kisha akanishika mkono.

"Basi, Takyo. Usijisumbue. Nimeiona. Inatosha."

Angenitukana ningefurahi. Angenipiga na kandambili, kama alivyonipiga nilipotoroka shule, ningemshukuru. Lakini alisema inatosha, na kwa jinsi alivyosema nilijua haitoshi, na kwamba Jumatatu atapanda ndege akiwa ameibeba hiyo "inatosha" yake, kwa sababu mdogo wake alikula dengu akalala. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Niligeuka ili asione uso wangu, nikatembea huku na huku nikiangalia mchanga. Na nilipouangalia mchanga, jicho langu, ambalo halina faida nyingine duniani, likaona mteremko.

Bahari ilikuwa inajaa. Kila wimbi la saba au la nane lilipanda zaidi ya mengine. Kutoka kwenye ukingo wake hadi kwenye kiti, mwinuko haukuzidi kiganja. Nimeyapeleka maji kwenye mashamba ya watu waliogombana, kupitia mitaro iliyozibwa na wachawi, kwenye mwinuko mkubwa kuliko huo. Nikakimbia kibandani nikarudi na silaha: upawa wa mchuzi katika mkono wa kuume, kifuniko cha sufuria katika mkono wa kushoto. Nikapiga magoti, lile zima na lile bovu, nikaanza.

"Takyo, unafanya nini?"

"Nachimba."

"Leo hakuna kazi."

"Hii si kazi, Dada. Nachezea mchanga."

"Una miaka sitini na sita."

"Katazo halijataja umri."

Akasogeza punje mbili za rozari. "Mimi siogi."

"Nani kasema uoge? Wewe umekaa, unasali. Maji yakija yenyewe, utayafukuza?"

Akafikiri. Namjua akifikiri, midomo inakwenda upande. "Yakija yenyewe ni jambo la Mungu," akasema polepole. "Lakini wewe ndiye unayeyaita."

"Sijayaita. Mimi naonyesha njia tu. Wakitaka kupita, wapite."

"Maji si watu, sema 'yapite'."

"Yapite!"

Baada ya muda niliona amevua kandambili na kuziweka ubavuni, akaniambia, bila kunitazama, kwamba zilikuwa zinambana.

Basi nikachimba, enyi wasikilizaji, na hii ndiyo sehemu ya vita. Mfereji wa kwanza ulikuwa mzuri, umenyooka, ungeweza kuonyeshwa kwa waziri. Wimbi likaja likaufuta wote kwa pigo moja, likaniacha nimekaa na upawa mtupu na kaptula iliyolowa. Kibandani wakacheka hadi sanduku la barafu likaanguka. "Mlinzi wa Lango!" akapaza sauti Conching. "Funga, linavuja!" Nikauchimba wa pili, mpana zaidi, nikaweka kingo kwa kifuniko. Kuta zikaanguka zenyewe kabla hata ya wimbi. Matope ya shambani yana adabu, unayaambia simama yanasimama. Mchanga wa bahari haujalelewa. Goti lilikuwa linalia. Jasho liliniingia machoni. Nikajua nikishindwa safari hii sina la kumwambia hadi kufa kwangu, nikaanza kuchimba huku nikilia, sioni haya kusema.

Kivuli kikanifunika. Alikuwa Herminio, karatasi yake mfukoni, filimbi yake karibu na mdomo. Nikajua anataka kutangaza saa ya kuondoka.

"Dakika ishirini," akasema. Halafu akautazama mfereji, akamtazama Dada Salud aliyekaa wima kwenye kiti chake na miguu yake mitupu, myeupe kwa mchanga. Akavua filimbi. "Kona hii ni kali mno," akasema, "maji yataigonga." Akapiga magoti upande wa pili na suruali yake iliyopigwa pasi, akaanza kukandamiza kingo kwa viganja.

"Ninyi wawili," akasema Dada Salud, "mtafungiwa mlango wa mbinguni." Lakini akapandisha pindo la gauni.

Tukafika kwenye kiti. Nikachimba bwawa dogo mbele ya vidole vyake, nikalisawazisha kwa kifuniko, kisha nikarudi kwenye ukingo wa bahari na kuuacha ukuta wa mwisho, unene wa mkate. Tukasubiri. Mawimbi sita yalikuja yakafia chini. La saba nililiona tangu mbali. Halikuwa refu, lakini lilikuwa pana na halikuwa na haraka. Nikasimama, nikainua upawa, nikanena, "Ewe bahari, uliyemeza meli na..."

"Fungua, Takyo!" wakapiga kelele watu kumi na mmoja kutoka kibandani, na Conching kuliko wote.

Nikafungua. Maji yakaingia mdomoni mwa mfereji, yakapanda, yakafika kwenye kona ya Herminio yakasita. Yakazunguka. Yakapunguza mwendo hadi nikayapigia magoti nikiyasihi kwa jina la mama yetu, yakaja yamebeba povu na kijiti kimoja, yakaanguka ndani ya bwawa, yakajaa, yakamfunika Dada Salud miguu yote miwili hadi juu ya vifundo.

Hakusogea. Rozari ilisimama. Nilimtazama usoni nikaogopa kwamba nimemkosesha amani na Mungu wake. Kisha akakunja vidole vya miguu ndani ya maji, akavikunjua, akavikunja tena.

"Ina uvuguvugu," akasema. "Takyo, ina uvuguvugu! Miaka yote nilidhani ni baridi."

Akaanza kulia, akicheka huku analia. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu kilichojaa mchanga, akakiacha hapo, na mimi mwenye miaka sitini na sita nikakaa chini kando ya kiti chake nikalia kwa sauti mbele ya ufuko mzima. Wimbi jingine likaja, likajaza bwawa. Likaja la tatu. Hakuna aliyepuliza filimbi.

Basi na waandike wanaoandika, na wasioandika wakumbuke: kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka ule, saa tisa na dakika hamsini na moja alasiri, bahari kuu ya Pasifiki, isiyopata kumtii mfalme yeyote, ilisogezwa hatua tisa upande wa magharibi kwa upawa wa mchuzi, ikakaa miguuni pa mwanamke mmoja muuza samaki kwa muda wa mawimbi matatu, na ndipo ikaruhusiwa kurudi.